Uchungu

Kabla ya kuchuma, shangazi Nyamvula huifinya miche,
jani moja kila shina, kwa ukucha wa kidole gumba,
jioni akishafunga genge lake la dawa pale Ngamiani,
kisha huiacha ilale na jeraha lake
ndani ya makopo ya maziwa ya unga, uani Mwambani.
"Usipoutisha mmea," husema, "utachuma majani tu.
Dawa huingia usiku."

Nilicheka. Nilikuwa na cheti kibichi cha chuo.
Nikamwambia mmea hauna neva, hauna moyo wa kushtuka.
Akanitazama kama apimaye chumvi kwa macho.

Sasa nalipwa kumfuata nyuma.
Maabara ipo Sahare, kiyoyozi chadondosha maji ndooni,
nami nachanja majani ya vinka,
lile ua la waridi lenye jicho jekundu
liotalo makaburini bila kualikwa,
na nahesabu dakika.

Sioni kitu. Mashine ndiyo huniambia.
Ndani ya kiini cha seli yumo fundi, protini moja
ajuaye kusoma jeni za uchungu.
Siku zote amekaa kimya:
mlinzi amemshika mikono.
Mlinzi naye ni protini, hana ubaya,
kazi yake ni kusema *bado*.
Bado, jua lipo, tuote kwanza.

Halafu kiwavi. Au ukucha wa shangazi.
Kutoka jerahani huondoka homoni nyepesi
ambayo jina lake, naapa, limetokana na asumini,
ile ile ya kikuba, ya mito ya maharusi.
Haigombani na mlinzi. Humgandisha tu
kwa mtia alama, na mwenye alama
huchanguliwa vipande.
Fundi hunyoosha mikono.

Shangazi hasomi michoro yangu, ila vina huvipenda.
Nikamwandikia:

Mlinzi yu mlangoni, fundi hana la kutenda,
Jeraha li majanini, harufu yake yapanda,
Mlinzi yu vumbi chini, fundi kazini aenda,
Uchungu huzaa nini? Uchungu wa kutulinda.

Akahesabu mizani kwa vidole, akaridhika.
Kisha: "Na huyo fundi, ataacha lini?"

Ilinichukua miezi minane kumjibu.
Umeme ulitukatikia mara mbili, sampuli zikaoza.
Jibu lilipokuja lilinikalisha chini:
miongoni mwa jeni za kwanza anazoziamsha fundi
imo jeni ya mlinzi.
Sumu haijajaa kwenye vifuko vya seli,
yeye ameshaagiza wa kumfunga.
"Ndiyo maana nafinya mara moja," akasema,
akaendelea kuchambua mchicha.

Mwezi wa nne tezi zilimvimba shingoni.
Bombo, kitanda cha dirishani.
Nesi Mntangi akatundika mfuko mdogo, maji meupe,
nikamnong'oneza shangazi ni ua gani lile.
Akafumbua jicho moja.
"Nesi, walilifinya kwanza?"
Nesi akampima homa.

Tezi zimenywea. Nywele zinarudi, laini, za mtoto.
Lakini dawa ile ina bei yake:
ncha za vidole zimekufa ganzi,
hafungi vifungo, hatambui sarafu gizani,
na ukucha ukikutana na jani
hajui kama ameshika au amekata.

Jana, magharibi, alinisogezea kopo.
"Finya wewe."
Mimi niliyechanja maelfu kwa wembe wa maabara
nikasita kwenye jani moja.
"Hapo chini. Si hilo, hilo bado changa."
Nikafinya. Utomvu kidogo, kijani kwenye kucha.
Nikataka na la pili, nihakikishe.
Akanipiga kofi la mkono, asiuhisi mkono wangu.
"Moja," akasema.