Dirisha la Trauti

Juni, Mufindi. Sakitu imelala juu ya chai
kama chumvi iliyomwagwa na mtu asiyejali bei.
Nimevaa mpira mweusi kutoka kisigino hadi utosi,
mkanda wa risasi kiunoni (si za vita, ni za kuzamia),
kamera ndani ya kasha lake,
na Bonaventura Kihwele ananicheka akiwa ukingoni mwa bwawa:
"Leo hata vyura wameomba ruhusa."

Nzi kamfunga mwenyewe usiku, kwa taa ya sola:
unyoya wa shingo ya jogoo wa dada yake, Leokadia
(jogoo yu hai bado, ila ana kinyongo),
uzi wa sweta ya shule ya binti aliyekwisha kuhitimu,
ndoana ndogo, ncha tupu, isiyo na kijino cha kuzuia.
Majirani humwuliza: unamvua, unamwachia,
sasa ugali unauteremsha na nini?
Na maharage, hujibu. Na maharage.

Nazama.
Baridi inanipokonya kwanza jina,
kisha meno, kisha saa.
Kimya kinaingia masikioni
kama mgeni anayeijua nyumba.

Juu yangu maji si maji tena, ni dari ya fedha,
na katikati ya dari kuna dirisha moja, mviringo,
ambamo dunia nzima imekunjwa:
mikaratusi imeinama kama inayochungulia kisima,
vilima vya chai vimebanwa pembeni vikawa uzi wa kijani,
na Bonaventura, kiwiliwili angani, miguu huku kwangu,
katikati hakuna kitu,
mtu aliyekatwa na mwanga
akaendelea kusimama.

Hivi ndivyo trauti anavyotuona.

Naona midomo yake ikicheza: Kamwene.
Huwasalimu kabla ya kurusha.
Fimbo inakwenda nyuma, siisikii.
Kamba inaandika herufi hewani, inaifuta, inaiandika tena,
kisha nzi anatua,
na sikuwahi kujua kwamba kutua kuna umbo:
vishimo sita darini, vidogo, vya nyayo,
kila kimoja na nyota yake.

Anapanda. Taratibu,
kama mtu anayeisogelea barua ya deni.
Inabaki inchi moja. Anamtazama nzi.
Ananitazama mimi.
Kidole changu kimekufa ganzi juu ya kitufe;
nabonyeza, sijui kama nimebonyeza,
naye anageuka, bila haraka, bila dharau,
anarudi gizani na njaa yake nzima.

Mara kumi na nne asubuhi ile, mara kumi na tatu alikataa.
Hiyo moja aliyokula, kioo kilishika ukungu:
nina picha ya weupe mtupu,
sakitu iliyopigwa picha na sakitu.

Jioni, jikoni kwa Leokadia,
soksi zikifuka mvuke kando ya mafiga,
namwonyesha. Picha za samaki anazipita upesi.
Anasimama kwenye ile ya dirisha.

Miaka ishirini na tisa alipima majani ya chai kiwandani,
akatolewa kwa barua ya mistari mitatu.
Nilidhani atatafuta kofia yake,
mkono wake, namna ulivyonyooka.
Anaisogeza taa.
"Kumbe mdogo ni mimi."
Anakunywa chai yote, mpaka machicha.
"Na bado alinijia karibu kiasi hiki."

Nje jogoo anawika, saa mbili usiku, bila sababu.
Bonaventura anainua kichwa.
Leokadia hageuki kutoka motoni:
"Manyoya yake nimeyahesabu."