Kachiri Mwisho

Jumamosi, saa sita, jikoni kwetu Kibokoni.
Twalib asoma kwenye simu kwa sauti ya mtangazaji:
"Leo, saladi ya tako!"
Tasbihi ya Bi Mwanakheri ikasita kidoleni.
"Tako la nani?"

Tukacheka hata kitunguu kikakosa lawama
ya machozi yetu.

"Si la mtu, bibi. Ni chakula. Chatoka Meksiko."
"Na huko majina yaliwaishia?"

Mikate yao ya mahindi sikuiona Marikiti.
Niliona karoti zingali na udongo wao,
kabichi iliyojikunja kama mtu aliyenuna,
na Feiswal wa viungo, aliyenipimia uzile
akaongeza kidogo juu, "huu wa ujirani,"
kisha akanitoza na ujirani.
Kwa yule mama wa Makadara
anayekaanga mbele ya macho yako
nikachukua kachiri za muhogo, mifuko miwili,
moto bado, karatasi imelowa mafuta.
Mahindi, muhogo: kinacholia ni kinacholia.

Sasa kima yatatarika kwenye karai.
Uzile, thomu, pilipili manga,
tungule moja iliyoiva hadi kujisahau.
Maharagwe ya jana nayaponda kwa mgongo wa upawa.
Hayalalamiki.
Kabichi naikata, Bi aikagua kutoka kitini:
"Hiyo ni kabichi au ni ukili?
Kata hadi nione mwangaza upande wa pili."
Nakata. Karoti. Dania. Avokado vipande vinene.
Mtindi badala ya malai yao,
na ndimu, maana ndimu
haina haja ya kuombewa ruhusa popote.

Mkono wa Twalib umeshaingia mfukoni mwa kachiri.
Nampiga kofi dogo.
Kachiri mwisho!
Vyote hivi vyaweza kungoja,
ila kachiri ikishaonja maji ya tungule
imekwisha, imekuwa kitambaa.
"Kama bwana harusi," Bi asema.
"Ukimleta mapema atalainikia barazani kwa soga."

Twamngoja Swabra, atoke duka la dawa.
Apiga simu: "Niko njiani."
Nyuma yake nasikia mashine ya risiti.
Saa saba. Saa saba na robo.
Njaa haina adabu. Nikazivunja kachiri kwa viganja
juu ya sinia, mvua kavu,
yote mara moja, hata fungu la Swabra, kwa hasira.

Bi nilimwekea bakuli lake mbali:
kima, maharagwe, avokado, vyote nimevisaga.
Meno yake ya mwisho yaling'olewa Rajabu;
yale ya kununua yashinda kwenye gilasi,
yambana, asema, kama viatu vya kuazima.
Huyu aliyekuwa akinivunjia kungu kwa magego
na kunimenyea muwa bila kisu.

Akatutazama tukila. Akalitazama bakuli.
"Langu," akasema, "liko kimya."

Sikuwa na jibu. Twalib ndiye aliyeinuka,
na sahani yake, akakaa ubavuni pake,
akamsogeza ushungi, akaweka shavu karibu na sikio,
akatafuna.

Kacha.

"Taratibu. Wewe si kinu cha posho."

Kacha. Kacha.

Akafumba macho. Fizi zake zikafuata,
nyuma kidogo, kama mtu aitikiaye dua.
"Tena. Ile nene."
Sisi wengine tukaacha kula, tusimharibie.

Swabra akafika saa nane, jasho na udhuru,
viatu mkononi. Akachota pembe ya sinia aliyobakishiwa,
akatia kinywani, akanitazama:
"Imelowa!"

Kweli, kachiri zimelala chali
katika ndimu, mtindi na mafuta ya kima.
Nikanyoosha mkono niiondoe.
Mkono wa Bi ukatangulia.
Akachukua kipande kwa vidole vitatu,
akakimumunya, polepole, akameza,
akachukua cha pili.

"Vuta hilo sinia," akaniambia.
Kisha kwa Swabra, bila kuinua uso:
"Umechelewa vizuri, mwanangu."