Rudia Ujumbe

Miaka thelathini na mmoja baba alivuta wenzo
stesheni ya Tabora, reli inapoachana:
Mwanza huku, Kigoma kule.
Kiganja chake bado kina sugu
ya rangi ya asali iliyokaa.

Leo yuko Kitete, shati begani,
jeli ya baridi kifuani.
Daktari Kalunde anatugeuzia skrini.
"Moyo umetanuka, mzee Msabila. Kuta zimenenepa."
Naye, kama anayeulizia treni iliyochelewa:
"Nani kauamuru?"

Nilidhani daktari atacheka.
Alivuta karatasi ya dawa, akachora seli,
duara tu, na ukingoni kitu kama sikio.
Presha imesukuma miaka mingi, alisema,
homoni zimekuja mbio na neno moja: kaza.
Sikio limepokea,
protini ikamnong'oneza jirani, jirani jirani yake,
mpaka chumba cha ndani kabisa
zinakotunzwa jeni.
Humo zimo zilizoujenga moyo huu
tumboni mwa bibi yangu Nyamizi,
zikazimwa alipozaliwa, kazi ikawa imekwisha.
Hizo ndizo zimeamshwa.
Zinajenga upya, usiku na mchana,
ujenzi wa mtoto
ndani ya mtu wa miaka sabini na moja.
Na mishipa imesikia neno lilelile,
inajitia makovu, inakakamaa
kama tairi la baiskeli lililosahauliwa juani.

"Basi seli haina kosa," baba alisema. "Imetii."

Kisha akatoa jambo ambalo hata mama hakuwahi kulisikia.
Usiku wa masika, simu ya stesheni, sauti ina haraka:
fungua njia, mizigo inaingia.
Mkono ulikwishashika wenzo.
Akasema, "Rudia ujumbe."
Upande wa pili, kimya.
Kwenye njia ile yalikuwa yamesimama mabehewa ya abiria,
taa zimezimwa, watu wamelala.
Haikuandikwa popote.
Asubuhi bosi alimnunulia soda.

Daktari aliweka kalamu chini.
"Moyo hauna wa kusema rudia," alisema.
"Hiki kidonge kitakaa pale sikioni.
Neno likija, likute pana mtu.
Hakiwezi kubomoa kilichokwishajengwa chote.
Sikudanganyi."

Saa tatu usiku, nyumbani Cheyo,
alikimeza kwa maji ya uvuguvugu,
akasogeza kikopo cha chumvi upande wangu wa meza
bila neno,
akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono
na kuinamisha kichwa,
kama mtu aliyeshika simu
akingoja upande wa pili ujibu.