Futi Mbili

Kazi yangu ni vidole.
Miaka kumi na tisa katika mahakama ya Kaunti ya Tolvik,
kaskazini mwa Minnesota,
napiga chapa yasemwayo, yote.
Wakili akisema "yaani", naandika yaani.
Shahidi akiapa uongo, naandika uongo
kwa nukta na mkato, sawasawa.
Machozi sipigi. Hayana herufi.

Jumanne moja ya Machi,
theluji ikiyeyuka viatuni mwetu,
ililetwa kesi ya ubao.
Mlalamikiwa: Orrin Tveit, mfuga ng'ombe wa maziwa,
miaka sabini na mmoja, koti la kanisani,
aliyepigilia ukutani mwa ghala lake, mkabala na barabara,
maneno mawili ya rangi nyekundu,
moja juu, moja chini:

RUDINI
KWENU

Ng'ambo ya barabara analima Mai See Vang.
Vitunguu, giligilani, matango.
Alizaliwa hospitali ya mji huu huu,
juma moja na binti wa Orrin.

Lakini hilo halikuwa shauri.
Akutukanaye hakuchagulii tusi;
sheria nayo haichagui, inapima.
Wakili wa mji alikuja na utepe wa chuma.
Kibali: futi tatu kwenda juu. Ubao: futi tano.
Asubuhi nzima tulijadili mbao,
misumari, umbali kutoka mtaroni,
kama watu waliozunguka maiti
wakigombania bei ya mkeka.

Orrin alitetewa bure na Tobias Quintanar,
kijana wa chama cha haki, hereni sikio moja.
"Mheshimiwa, nalichukia neno hili.
Mkilifunga leo, kesho mtafunga langu."
Alisema kweli, nami nikaiandika.
Wakati wa mapumziko nilimwona ngazini,
mkate mkononi, haumwi.

Mai See aliulizwa kama ana la kusema.
"Septemba ng'ombe wake walitoroka.
Kumi na mmoja.
Nikawarudisha."
"Halihusiani," alisema Jaji Roszak. "Lifutwe."
Watu hawajui: sisi hatufuti.
Tunaliacha neno lilipo,
na chini yake tunaandika *lifutwe*.

Kisha mkaguzi akameza maneno, jaji hakusikia.
"Karani, tusomee maandishi ya ubao."

Miaka kumi na tisa nilijiona bomba,
na bomba halinywi maji.
Nikasoma.
Sauti ikatoka, ya kwangu,
hii ninayomwombea nayo chumvi mume wangu.
Mai See hakumtazama Orrin.
Alinitazama mimi.

Hukumu: neno ni huru. Ubao upunguzwe futi mbili.

Orrin alikata mwenyewe, siku ya Ijumaa,
akaanzia chini, pasipohitaji ngazi.
Sijui kama aliona alichokiacha.
Msumeno haujui kusoma.
Mwezi wa Mei nilipita na gari langu,
nikapunguza mwendo, nikasimama kabisa:
ghala jekundu, ng'ombe, matope,
na ukutani, peke yake, kubwa, kama mtu aliyejutia ugomvi
akatoka mlangoni bila kofia kuita:

RUDINI

Mjini walicheka hadi Juni.
Wengine wakasema mzee amelainika,
wengine kwamba anasubiri rangi ikauke
aandike jingine, fupi zaidi.
Yeye hakusema. Ana haki ya hilo pia.

Jumamosi sokoni nilisimama mbele ya meza ya Mai See.
Akanifungia giligilani katika gazeti lenye maji.
"Umeliona?"
"Nimeliona."
Nilitaka kumweleza kuhusu ile siku, kuhusu bomba,
kwamba ng'ombe kumi na mmoja bado wamo
ukurasa wa arobaini na tatu, hawajafutwa.
Akanirudishia chenji.
Nyuma yangu mtu alikohoa, foleni ni ndefu,
na vidole vyangu juu ya meza yake
vikawa vinagonga, vinagonga,
vinatafuta herufi.