Fomu Juu ya Friji

Siku ya tisa leo, fomu iko juu ya friji,
imekaliwa na kikombe, ina duara la chai.
Mwalimu Nzaro hakuituma na mtoto, alinipa mkononi:
"Fundi, huyu wako saa tatu asubuhi ashamaliza kazi zote,
kisha mchana kutwa achora madirisha pambizoni mwa daftari.
Nyali kuna darasa la watoto kama yeye. Mpelekeni."

Watoto kama yeye.
Nimelirudia neno hilo toka Majengo hadi Kongowea,
mtungi wa gesi begani,
kama mtu aliyepewa noti kubwa asijue kama ni ya kweli.

Alikuwa na miaka sita, amenishikia tochi
nyuma ya friji ya muuza maziwa, Guraya.
Akagusa mabomba membamba yale, yana moto,
akanyamaza, kisha: "Baba, kumbe baridi haitengenezwi.
Ni joto linatolewa nje."
Miaka kumi na saba nafungua friji za watu.
Hakuna aliyewahi kunambia hivyo, wala mimi sikujiambia.
Nilicheka. Usiku sikulala.

Mamake asema aende, tena jana.
"Mwana akililia wembe hupewa.
Huyu alilia kitabu, wewe wangoja nini?"
Ashapiga hesabu: nauli, sare, chakula cha mchana.
Cherehani ya pili itangoja.
Nyanyake achambua mchele, hainui uso:
"Mche wang'olewa kila siku utazamwe mizizi,
utamea lini?"

Mimi sisemi. Mimi nilirushwa darasa.
La tatu hadi la tano, nikapigiwa makofi gwarideni.
Nikakalishwa mbele, miguu haifiki sakafuni.
Wakubwa waliniita Kamusi.
Wenzangu wa jana waligawana timu jioni,
mimi nikalindishwa viatu.
Majibu yote nilikuwa nayo, wa kumnong'oneza sina.
Kufika kidato cha pili nishajifunza kukosea makusudi.
Hilo halikuandikwa kwenye ripoti.

Sasa fomu yaniuliza, na mistari mitatu mitupu:
Eleza kwa nini mtoto wako anastahili.
Na Kache, wa dawati moja na Batuli,
asiyejua kugawanya lakini ajuaye
nani darasani hakula asubuhi,
huyo apimwe kwa mtihani upi?

Lakini yale madirisha.
Nimelifungua daftari. Kurasa kumi na moja,
yote yamefungwa,
kila komeo limechorwa kwa utulivu, hadi parafujo zake.

Jana umeme ulipopotea nilimwita, tukakaa kizingitini.
"Wataka kwenda?"
Hakunijibu. Akaniuliza yeye:
"Huko, nikisema sijui, watanirudisha?"

Nimeiteremsha fomu. Duara la chai nimelipangusa, halitoki.
Mstari wa kwanza nimeandika, mwandiko wangu wa risiti:
Ajua kwamba baridi ni joto lililoondolewa.
Wa pili: Naomba msimwondolee.
Wa tatu sikuugusa.
Peni nimeiacha mezani, juu ya karatasi, upande wa kiti chake.
Friji yanguruma, yanyamaza, yanguruma.
Saa kumi na moja ataamka.