Tafadhali Gusa

Mlangoni pana kibao: TAFADHALI GUSA.
Zoya akakisoma mara mbili,
akanitazama kama mtu aliyekabidhiwa hati ya nyumba.
Haroon hajui kusoma. Yeye alishagusa.

Jumamosi ya mvua ya Lancashire,
ile isiyonyesha lakini inakulowesha.
Tiketi pauni nne, watoto bure,
na baba yangu amegoma nje, mwavuli kichwani:
halipi, asema, kuingia mahali
alipokuwa akilipwa kuingia.
Nikamlipia. Akaingia kanuna,
kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi.

Chini ni kwa watoto.
Ubao wa kufulia, na soksi moja ya kufuliwa siku nzima.
Pasi ya chuma isiyonyanyulika.
Viatu vya soli za mbao, vilivyomgeuza Haroon
farasi kwa robo saa, ko, ko, ko,
mpaka mzee mmoja kwenye benchi akahama chumba.
Kuna sanduku la pamba; wakazamisha mikono hadi viwikoni,
wakatoka na mbegu, wakashangilia.
"Ilikuja imeshachambuliwa," Baba akasema.
"Hawa wametia mbegu makusudi."

Ukutani, wasichana wa kiwandani wamepangwa,
aproni nyeupe, mikono kifuani,
hakuna anayecheka.
Zoya akapita picha moja moja, kidole kwenye kioo,
akafika mwisho, akarudi mwanzo.
"Babu, mbona haupo?"
"Mimi nilikuwa zamu ya usiku," akamjibu.
"Usiku hawapigi picha."

Juu kuna mashine nne, moja tu ni nzima.
Bi Doreen Entwistle, mzee wa kujitolea,
akawaambia watoto wazibe masikio,
akavuta mkono wa chuma.

Sijui niiteje sauti ile.
Sakafu ilipanda miguuni mwangu.
Haroon alikuwa analia au anacheka, kinywa wazi,
nami namwita, na jina lake
linakatwa kabla halijanitoka.

Ndipo nikamwona Bi Doreen akisema na baba yangu
kutoka upande wa pili wa mashine,
bila sauti, midomo ikifunguka mno,
kama mtu anayetafuna peremende ngumu.
Na Baba anajibu.
Anajibu! Huyu ambaye benki, hospitali, shuleni kwetu,
nimemsemea tangu nina miaka tisa
na kumwombea radhi kwa Kiingereza chake.
Midomo haina lafudhi.

Uzi ukakatika. Mashine ikanyamaza.
Bi Doreen anapapasa akitafuta miwani,
Baba akaivuka kamba
(kamba pekee humo ndani, na kibao pekee cha USIGUSE),
akashika ncha mbili, na tayari fundo.
"Tena," akasema Zoya.
Akafunga tena.
"Polepole, Babu."
Akajaribu polepole, na vidole vikapotea njia,
vikasimama hewani, vizee ghafla.
"Havijui polepole," akasema. "Havikufunzwa."

Garini nikamuuliza walizungumza nini.
Akafuta ukungu wa kioo kwa kiganja,
tukapita duka la samaki, tukapita taa mbili.
"Aliniuliza zamu gani. Nikamwambia usiku,
banda la pili, mashine ya kumi na nne, miaka ile.
Akasema, basi ni wewe
uliyekuwa ukiniachia ingali na joto."

Sikupata la kusema.
Nyuma, Haroon kalala na viatu vyake mwenyewe,
visivyolia.
Zoya amegeukia dirisha,
anapanua midomo kimya kimya, anaikunja, anaipanua,
na Baba, anayemwona kwenye kioo cha kando,
anamwambia kwa midomo
neno ambalo mimi, dereva, sikulipata.