Macho ya Viazi

Viazi vina macho, na viliona kabla yetu.
Ghalani, Machi hii, tani mia mbili na arobaini
zimekaa ndani ya makreti zikichipua gizani,
machipukizi meupe, membamba,
yote yameelekea upande mmoja, mlangoni,
ambako lori halikuja.

Miaka kumi na tisa lori lilikuja.
Lilipanda kilima cha Brechin likikohoa,
dereva akashuka, Mfrisia mkimya mpenda maziwa,
akatia sahihi karatasi moja,
moja tu, ya rangi ya waridi, nakala kwake, nakala kwetu,
na keshokutwa mbegu zetu zilikuwa Emmeloord,
katika udongo ambao Waholanzi waliupokonya baharini.

Sasa karatasi ni kumi na moja,
na hata ukizijaza zote hakuna safari,
maana mbegu ya kiazi kutoka nje ya jumuiya
imo kwenye orodha ya visivyoingia.
Kiazi ni kile kile. Shamba ni lile lile.
Mkaguzi, Bi Menzies, alipita tuta kwa tuta kama kila mwaka,
akainama, akageuza majani.
"Safi," akasema, akafunga kalamu yake.
"Safi kabisa, na haviendi popote."

Hata Antrim haviendi. Ng'ambo ya maji, chini ya taji hilo hilo,
binamu wa mume wangu anaagiza mbegu Uholanzi,
na Uholanzi nako wanahaha kutafuta mbegu:
kila mtu ana shimo, na jembe limebaki kwa jirani.

Tulikuwa tunakula kikoa.
Leo chungu kwao, kesho kwetu,
tukigombana juu ya chumvi,
juu ya nani kaleta kidogo na kula kingi.
Aliyenyanyuka akasema atapika kwake
hakukosea, makelele yalikuwapo.
Alisahau tu kwamba kuni tulizichanga.

Fergus anapiga hesabu mezani jikoni.
Mbegu, tani moja, pauni mia tatu.
Ya kulisha ng'ombe, kumi na tano.
Anaandika kumi na tano, anaikata, anaiandika tena,
kana kwamba mwandiko mzuri utapandisha bei.
"Misri watanunua," anasema.
Misri wananunua, ndiyo, lakini si aina hii.
Hii tuliilea kwa ajili ya udongo wa watu fulani.

Kuna jambo sijamwambia.
Siku ya kura nilisimama kibandani
na penseli iliyofungwa kwa uzi,
nikamwona kaka yangu Struan kule Fraserburgh,
boti yake imeuzwa vyuma chakavu,
naye kaahidiwa bahari yote.
Nikatia alama upande wa kaka yangu.
Njiani Fergus akauliza. Nikamjibu, si unajua.
Akadhani anajua.
Struan siku hizi anaendesha gari la mikate.

Jana Sietse Hoekema alipiga simu.
Hakuulizia viazi. Aliulizia makreti,
yetu, themanini, yaliyobaki uani kwake tangu msimu wa mwisho.
Hayawezi kurudi: mbao nazo zinataka mhuri
kwamba zimepitishwa motoni, hazina mdudu,
na mhuri ni ghali kuliko kreti.
"Niyafanye nini?"
Nyuma yake nilisikia kuku.
Kila kreti lina jina la shamba, kwa mkono wangu, kwa rangi nyeupe,
herufi ya mwisho imeteleza, kwa kuwa mwaka ule
nilikuwa na mimba ya Catriona na kuinama kulinishinda.
"Wape kuku," nikasema.
Tukanyamaza kidogo, kwa gharama yake.

Kisha nikaenda kufungua mlango wa ghala.
Trela ya Pirie, ya chakula cha ng'ombe, ilikuwa imefika.
Mwanga ukaingia hadi safu ya tatu.
Pirie akavua kofia, akatazama,
akauliza aanzie kulia au kushoto.